Virusi vya Ulaya vitaponya mikaratusi yangu?

Swali: Nina mikaratusi 40 hapa Karen. Mitano imevimba chini ya shina, gome limepasuka na linatoa utomvu. Nasikia Ulaya waliokoa michesinati (miti ya chestnut) kwa virusi vinavyoambukiza kuvu yenyewe inayoiua. Naweza kuvipata Nairobi?

Jibu: Ulichosikia ni kweli, ila dawa hiyo haitafanya kazi kwako.

Kuvu ya michesinati, Cryphonectria parasitica, huua gome kuzunguka shina hadi mti unakauka juu. Miaka ya 1950 huko Italia, vidonda vingine vilionekana vikipona vyenyewe. Miaka ya 1960 Jean Grente wa Ufaransa akagundua kwamba kuvu ya vidonda hivyo ilikuwa dhaifu; baadaye ikajulikana imeambukizwa virusi. Tangu hapo wahudumu hutoboa matundu kuzunguka ukingo wa kidonda, yafike kwenye mbao, wakayajaza rojo ya kuvu hiyo dhaifu na kuyafunga kwa tepu.

Ugumu uko hapa: virusi hupita tu pale nyuzi za kuvu dhaifu zinapoungana na za kuvu kali. Zikiwa za aina zisizopatana, seli zinazogusana hufa na virusi huishia hapo. Ndiyo maana Marekani, ambako aina ni nyingi, njia hii imefaulu kwa shida.

Kwenye mikaratusi, kidonda cha chini ya shina mara nyingi huletwa na Chrysoporthe, ambayo ni jamaa tu wa kuvu ile. Rojo ya michesinati haitaungana nayo. Tena kuingiza kuvu hai nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea Kenya, ni kosa, kwa hiyo usiagize chochote mtandaoni.

Kwanza thibitisha ugonjwa. Kwa kisu kikali kata gome la ukubwa wa kiganja pale mpakani, nusu la kahawia lililokufa, nusu jeupe lenye unyevu. Sehemu iliyokufa yote haisaidii maabara. Lifunge kwa gazeti. Ndani ya nailoni hutoa jasho na kuota ukungu mwingine. Lipeleke KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoko Muguga, siku hiyohiyo.

Mti ambao kidonda kimezunguka zaidi ya nusu ya shina, ukate kabla upepo haujauangusha. Kisu na msumeno vipanguse kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.

Iliyobaki, acha kufyeka nyasi karibu na shina. Jeraha dogo la panga ni mlango wa kuvu. Ng'oa kwa mkono, nusu mita kuzunguka kila mti. Ukipanda upya, omba miche ya aina inayostahimili ugonjwa huu.