Waposaji wa Penelope hawakufa kwa sababu ya nyama

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: je, waposaji wa Penelope katika utenzi wa Kigiriki wa Odyssey walistahili kuuawa wote, na je, adhabu ile kweli ilikuwa ya miungu? Utenzi huu nimeusoma na kuurudia, na naupenda sana, kwa hiyo nitajibu bila kuzunguka. Viongozi wao walistahili. Wote, hapana. Na hao waliostahili hawakustahili kwa sababu ile inayotajwa na wengi.

Wengi husema walikula mno. Kula walikula. Odysseus, mume wa Penelope na mfalme wa kisiwa cha Ithaca, alikaa miaka 10 kwenye vita vya Troy na mingine 10 njiani kurudi, na kwa zaidi ya miaka 3 ya mwisho vijana 108, watoto wa wakubwa, walijazana nyumbani kwake wakimposa mkewe na kumaliza mifugo yake. Mwanawe Telemachus anamhesabia baba yake: 52 walitoka kisiwa cha Dulichium, 24 Same, 20 Zacynthus, na 12 tu ndio wa Ithaca penyewe. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kuwapa jembe hilo, nao walilijua hilo vizuri. Kosa lao lianzie kuhesabiwa hapo.

Ukarimu katika tenzi za Homer, mtunzi wa Odyssey, si tabia nzuri tu ya mtu mwenye moyo mkunjufu. Ni sheria, na mlinzi wake ni Zeus mwenyewe, anayeitwa Zeus wa wageni. Mgeni akifika mlangoni hupokewa, hunawishwa mikono, hulishwa, na akishashiba ndipo huulizwa jina na atokako. Katika kitabu cha 1 Telemachus anaona aibu kumwona mgeni amesimama kizingitini bila kukaribishwa. Anamwendea, anampokea mkuki na kumkalisha, bila kujua kwamba ni mungu Athena aliyejigeuza mwanamume. Mtu aliyeshuka pwani ngeni hakuwa na ndugu wa kumtetea wala pa kushtaki. Mwenyeji angeweza kumuua, kumuuza au kumvua nguo, na hakuna ambaye angeuliza. Ndiyo maana mnyonge huyu aliwekwa chini ya mungu mwenye nguvu kuliko wote. Sheria ile ilikusudiwa kumfunga mikono mwenye nguvu.

Anayeifuata vizuri kuliko wote ni mtumwa. Eumaeus, mchunga nguruwe, alizaliwa mtoto wa mfalme, akaibwa akiwa mdogo na kuuzwa kwa Laertes, baba wa Odysseus. Katika kitabu cha 14 Odysseus anafika kwake akiwa na sura ya ombaomba mzee. Mbwa wanamrukia, Eumaeus anawafukuza kwa mawe, anamwingiza kibandani na kumtandikia ngozi ya mbuzi-mwitu, ile anayolalia mwenyewe. Anamwambia kwamba hata angekuja mtu duni kuliko yeye, isingekuwa halali kumdharau, kwa kuwa wageni wote na ombaomba wote wametoka kwa Zeus. Kisha anaomba radhi kwa uchache wa alichonacho: watumwa hutoa kidogo, maana wanaishi kwa hofu chini ya mabwana vijana. Anachinja vitoto viwili vya nguruwe, anavichoma, anavinyunyizia unga wa shayiri na kuchanganya divai katika bakuli la mti. Nguruwe walionona hana ruhusa ya kuwagusa. Hao hupelekwa kila siku kwa waposaji. Usiku, mvua ikinyesha, anamfunika mgeni kwa joho lake zito na yeye anatoka nje kulala karibu na mifugo.

Sasa mtazame Antinous, kiongozi wa waposaji, katika kitabu cha 17. Ombaomba yuleyule anapita meza kwa meza ukumbini, na waposaji wengine wanampa mkate na nyama. Antinous anamkatalia. Telemachus amekwisha mwambia achukue ampe, chakula si chake na mwenyewe hana kinyongo, lakini bado anakataa. Odysseus anamwambia kwamba kama hawezi kutoa mkate wa mtu mwingine, basi nyumbani kwake mwenyewe hata chembe ya chumvi asingempa mwombaji. Antinous anashika kigoda cha kuwekea miguu na kumpiga nacho bega la kulia.

Wenzake wenyewe wanashtuka. Wanamwonya: je, kama huyu ni mungu? Miungu huzunguka mijini kwa sura za wageni kutoka mbali, wakiangalia nani ana kiburi na nani ana haki. Maana yake sheria walikuwa wanaijua, na kutojua hakuwezi kuwa utetezi wao. Katika kitabu cha 20 Ctesippus wa Same anaokota ukwato wa ng'ombe kapuni na kumrushia ombaomba, akisema kwa kejeli kwamba hiyo ndiyo zawadi yake ya ugeni. Siku alipouawa, mchunga ng'ombe Philoetius alimkumbusha ukwato ule.

Nyuma ya karamu zile kulikuwa na njama ya utawala. Tangu Odysseus aondoke, Ithaca haikuwa na baraza hata mara moja mpaka Telemachus alipoliitisha katika kitabu cha 2. Alieleza dhuluma aliyofanyiwa, akaitupa fimbo ya msemaji chini na kulia. Watu walikaa kimya, na mzee Mentor akawalaumu kwamba wao ni wengi na waposaji ni wachache, lakini hakuna anayefungua mdomo. Eurymachus, kiongozi mwingine wa waposaji, alisema waziwazi kwamba hawamwogopi mtu, wala ishara za ndege hawazijali. Baadaye waposaji waliotea na merikebu karibu na kisiwa cha Asteris wamuue Telemachus akirudi safari. Na Antinous alipoanguka, Eurymachus huyohuyo, akijaribu kujiokoa, alikiri kwamba mwenzake hakuitamani ndoa kiasi hicho. Alitaka kuwa mfalme wa Ithaca. Kwa hiyo wale wawili na Ctesippus siwaonei huruma.

Ugumu wangu ni kwa miungu. Upinde ambao Odysseus aliwaulia waposaji ulikuwa zawadi ya ugeni. Iphitus alimpa Odysseus walipokutana Messene, na Odysseus akampa upanga na mkuki. Halafu Iphitus akaenda kwa Heracles kutafuta farasi wake 12 majike, na Heracles akamuua ndani ya nyumba aliyomkaribisha, akabaki na farasi. Homer anasema bila kupepesa macho kwamba Heracles hakuiogopa miungu wala kuiheshimu meza aliyomwekea mgeni. Lakini katika kitabu cha 11 tunaambiwa Heracles mwenyewe yuko kwenye karamu za miungu, na mkewe ni Hebe, binti wa Zeus. Naye Heracles ni mwana wa Zeus.

Kinyume chake wako Phaeacians, watu wa taifa la mabaharia. Walimpokea Odysseus akiwa ametupwa pwani bila nguo, wakamlisha, wakamjaza zawadi na kumfikisha kwao akiwa usingizini. Poseidon, mungu wa bahari, alikasirika, kwa sababu Odysseus alikuwa amemtoboa jicho mwanawe Polyphemus, jitu lenye jicho moja. Na Zeus, mlinzi yuleyule wa wageni, ndiye aliyemshauri aigeuze merikebu yao kuwa jiwe mbele ya macho ya watu wao. Mfalme Alcinous alipoona hivyo aliwaambia watu wake waache kusindikiza wageni.

Ukumbini nako hali ni hiyohiyo. Amphinomus, mmoja wa waposaji, aliwazuia wenzake wasimuue Telemachus mpaka wapate idhini ya miungu. Alimpa ombaomba mikate miwili na kumtakia heri kwa kikombe cha dhahabu. Odysseus aliona wema wake akamsihi arudi kwao mapema. Amphinomus aliondoka akitikisa kichwa, moyo mzito, lakini akarudi kwenye kiti chake, kwa sababu Athena alikwisha mfunga afe kwa mkuki wa Telemachus. Kabla ya hapo Athena alikuwa amemtuma Odysseus aombe mikate ili awatambue wema na waovu, na Homer anaongeza kwamba hata hivyo hakukusudia kumwokoa hata mmoja. Sijawahi kupata maelezo ya mstari huo yanayoniridhisha. Kama hukumu imeshakatwa, mtihani ni wa nini?

Kinachoniuma zaidi ni wajakazi 12. Katika kitabu cha 22 Odysseus anapojitambulisha anawasomea waposaji makosa yao: kula mali yake, kumposa mkewe angali hai, na kulala na wajakazi wake kwa nguvu. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Baada ya mauaji anaagiza wanawake haohao wauawe kwa sababu walilala na waposaji. Wanalazimishwa kwanza kutoa maiti nje na kusafisha damu kwenye viti na meza, kisha Telemachus anawanyonga kwa kamba ya merikebu. Walikuwa watumwa katika nyumba isiyokuwa na bwana wa kuwalinda, mbele ya wanaume 108. Kama Zeus huwatetea wasio na mtetezi, hao wangekuwa wa kwanza.

Waposaji angalau walikuwa na ndugu. Katika kitabu cha 24 wanakuja na silaha wakiongozwa na Eupeithes, baba wa Antinous, na Zeus, akiona damu haitakoma, anaamua wasahaulishwe mauaji ya watoto wao ili amani irudi. Kwa wale wanawake 12 hakukuwa na wa kusahaulishwa. Hakuna aliyekuja kuwadai, na katika mapatano yale, ambayo wasomaji wengi huyaita haki ya miungu, hawakutajwa.