Chuoni kukiwaka, angalia unachoforwadi

Nimekuwa admini wa grupu la darasa muda wangu wote wa chuo, kwa hiyo haya ninayosema nimeyaona yakitokea, na ninayaandika kwa sababu bado naona wanafunzi wanaumizana bila sababu.

Kuna usiku moshi ulionekana hosteli ya wasichana. Meseji ya kwanza ilikuwa fupi tu, "jamani kuna moshi hosteli". Haikuchukua muda ikawa "hosteli inaungua", halafu mtu ambaye hata chuoni hakuwepo akaleta voisi noti kwamba amesikia wawili wamefariki, na hiyo ndiyo iliyosambaa kuliko zote maana alikuwa analia, na mtu akilia nani atamuuliza umejuaje? Chuo kinakuja kutoa tangazo kwamba ni godoro limeshika moto na hakuna aliyeumia, grupu limeshahama kabisa, hakuna anayeongelea moto tena, watu wanaongelea utawala unaoficha maiti. Tangazo lenyewe likageuka ushahidi wa kuficha. Na wazazi wanapiga simu wanalia.

Mimi naona shida kubwa ni kile kimya cha mwanzo. Watu wana hofu, hawana habari, yeyote mwenye la kusema anasikilizwa, na maoni yakishakaa kichwani kuyang'oa ni kazi. Tarehe 16 Aprili 2007 pale Virginia Tech, Marekani, watu wawili walipigwa risasi bwenini mida ya saa 1:15 asubuhi, barua pepe ya kwanza ya chuo kwa wanafunzi ikatoka saa 3:26. Siku hiyo kwa jumla waliuawa watu 32. Zaidi ya saa mbili za kimya, utawalaumu vipi watu kwa kutafutana wenyewe?

Lakini hapo hapo kuna kitu kizuri sana. Wanafunzi wale walianza kukusanya majina ya waliofariki kwenye Facebook, na mtu akileta jina anaulizwa amelijuaje, ni ndugu yake, ni rumumeti wake, nani kamwambia. Watafiti waliofuatilia baadaye walikuta orodha zile zilikuwa sahihi kabla chuo hakijatangaza. Kwa hiyo umati wa kwenye simu unaweza kabisa kupata ukweli, ila lazima awepo wa kuuliza.

Basi kuwa wewe. Ukiandika, sema umeona mwenyewe au umeambiwa, weka saa na mahali, "saa 4:10 usiku, nipo getini, naona moshi ghorofa ya pili, watu wanatoka". Saa ni muhimu mno jamani, meseji ya jana ikiforwadiwa leo inaonekana ya leo. Picha ya aliyeumia usitume kabisa, mama yake asije akaiona huko. Na kama ni shambulio na watu wamejificha, usitaje walipojificha.

WhatsApp tangu 2019 meseji unaiforwadi kwa watu au magrupu matano tu kwa mkupuo, na 2020 wakabana zaidi, ile iliyozunguka sana inapelekwa sehemu moja moja na ina alama ya mishale miwili. Ukiiona hiyo mishale usiku wa dharura, tulia kwanza. Admini, funga grupu waandike maadmini tu kwa muda kidogo, lakini usilifunge ukakaa kimya, kila baada ya muda andika mnachojua hata kama hakijaongezeka kitu, la sivyo watahamia grupu lingine na huko hutawapata.

Halafu masahihisho. Usiyaweke kama jibu chini ya ule uvumi, maana jibu likiforwadiwa lile swali la juu halibebwi, mtu anapokea "si kweli" asijue ni nini si kweli. Andika meseji mpya inayojitosheleza, "ile voisi ya wawili kufariki si kweli, nimeongea na walezi wa hosteli saa 5:30 usiku, wote wamehesabiwa", halafu ipeleke kila grupu ulikoukuta ule uvumi, hata kama ni la kwaya.