Kabla hujanunua paneli, funua kwanza sakafu ya basi

Nyie mnaoanza hii kazi ya kugeuza basi kuukuu kuwa darasa linalotumia umeme wa sola, najua mmeshaanza kuulizia bei za paneli. Subirini kwanza. Sola ndo kipande chepesi kuliko vyote humo, kinachowatoa watu jasho ni basi lenyewe.

Sisi tuling'oa viti, tukafagia, tukaona plaiwudi ya sakafu iko safi kabisa, tukapanga meza juu yake. Wiki ya tatu mguu wa meza moja ukazama. Kufunua, kumbe maji yalikuwa yanaingia miaka na miaka kupitia raba ya dirisha la nyuma, yanashuka ndani ya ukuta, na vile vyuma vinavyobeba sakafu vimeliwa na kutu mpaka ukivigonga na nyundo vinamwaga maganda. Tukabomoa kila kitu, tukaanza upya. Kwa hiyo hata kama sakafu inaonekana nzima we funua tu, fundi akwangue, achomelee palipooza, apake rangi ya kuzuia kutu, alafu mlimwagie paa maji ya mpira nusu saa nzima na mtu yuko ndani na tochi anaangalia wapi panavuja. Paneli zikishafungwa juu, kutafuta tobo chini yake ni balaa.

Sasa hesabu. Usiulize paneli ngapi, uliza nani atatumia nini kwa masaa mangapi. Laptopu 12 za wati 45 kwa masaa 4 ni wati-saa 2,160 (idadi mara wati mara masaa), taa 6 za LED za wati 10 kwa masaa 4 ni 240, feni 4 za wati 20 kwa masaa 5 ni 400, na tivii ya wati 80 kwa masaa 2 ni 160. Jumla 2,960. Ongeza robo, maana inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inakula umeme hata ikikaa bure na waya nazo zinakula kidogo, unafika kama 3,700. Kwa masaa 5 ya jua kali paneli 3 za wati 400 zinakutosha, ila weka 4, zinalala bapa juu ya paa na vumbi linazipenda. Betri ya lithiamu ya volti 24 na amp-saa 200, yaani 24 mara 200, wati-saa 4,800, inakupa siku moja ya mawingu bila presha. Betri za asidi ni rahisi kununua ila ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema, kwa hiyo utabeba nyingi, na uzito wote huo basi ndo linabeba. Projekta achaneni nayo, mchana ndani ya basi lenye madirisha haionekani kitu na inakula wati 200 na zaidi.

Kosa jingine letu. Mabasi mengi makubwa ni ya volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine. Fundi akataka volti 12 za redio na taa, akavuta waya kutoka betri moja tu. Ile moja ikawa inachoka kila siku, mwenzake anachajiwa kupita kiasi, zikafa zote mbili na basi likagoma kuwaka watoto wako ndani. Nunueni kigeuzi cha 24 kwenda 12, hamna njia ya mkato hapo. Na betri za darasa zisiwe zile za kuwashia injini, kila upande na zake. Fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na betri, sio huko mwisho wa waya.

Alafu kuna ugomvi wa kivuli. Mwalimu anataka basi lipaki chini ya mti watoto wasiive, paneli zinataka jua, na tawi likigusa paneli moja tu kati ya zilizoungwa mfululizo zote zinaweza kushuka. Tulibishana sana mpaka tukazinyanyua paneli kama sentimita 10 juu ya bati, upepo ukapita chini, zenyewe zikapoa na kuzalisha vizuri zaidi, na paa likapata mwavuli. Ndani pakakalika. Mwalimu akanyamaza.

Mlango wa dharura msiuzibe na kabati, hata kama ukuta ule ndo unawafaa kuliko wote. Wale wa ukaguzi waoneni mapema, kabla ya kuchomelea, matumizi ya gari yakibadilika na karatasi zake zinabadilika.

Mwisho, pimeni kimo kipya cha basi mkibandike mbele ya dereva, maana mageti hayajui kwamba mmeongeza paneli. Na mnunulieni brashi ya mpini mrefu ya kufutia vumbi akiwa amesimama chini, ukimwambia apande juu kila asubuhi atapanda siku mbili tu.