Sanduku la babu: usilipake rangi kwanza

Jambo yaya. Umesema sanduku la bati la babu yako, askari wa Force Publique (jeshi la Kongo ya Wabelgiji) aliyefika Abisinia (Ethiopia) mwaka 1941, limeanza kutu hapo Ibanda, Bukavu, nawe unataka kulipaka rangi mpya. Ngoja kwanza! Jina na namba yake ya jeshi kwenye kifuniko ndiyo mali yenyewe. Ukivifunika, unabaki na bati tu. Vipige picha leo.

Kutu iondoe polepole kwa brashi laini na mafuta kidogo ya mashine, hasa kwenye bawaba. Usipige msasa: rangi za zamani mara nyingi zina risasi (si ya bunduki, ile madini yenye sumu), na vumbi lake ni baya kwa watoto.

Adui mkubwa Bukavu ni unyevu. Liinue juu ya matofali, mbali na ukuta, na nguo zikauke kabisa juani kabla ya kufungiwa humo. Wamarekani wa vita ile walipewa masanduku ya tripleksi (plaiwudi) yenye trei ya vitu vidogo juu. Mazuri, ila kwetu mchwa wangeshayamaliza.

Kufuli ikigoma, usiivunje. Mpelekee fundi wa Kadutu.