Chupa Isiyo na Jina: Nilivyojifunza Kutengeneza Lebo za Bia Yangu

Jumamosi iliyopita mjomba wangu aliondoka kwangu Umoja, mtaa wa Nairobi, na chupa mbili za bia yangu, kazifunga kwa gazeti zisigongane ndani ya matatu. Aliziomba mwenyewe. Kwako huenda hilo ni jambo dogo. Kwangu ni kubwa, maana ni mjomba huyu huyu aliyeinua chupa yangu mbele ya watu miaka michache iliyopita, akaielekeza juani, akaichungulia, kisha akairudisha mezani bila kuifungua.

Ilikuwa harusi ya binti ya shangazi, kwenye bustani moja kando ya Ngong Road. Nilipeleka chupa 40. Bia hiyo niliipika kwa kimea cha shayiri na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, nikaiacha ichache wiki mbili, nikaitia chupani na kungoja wiki tatu zaidi. Ilikuwa bia nzuri na hilo nitalisema mpaka kesho. Lebo nilizibuni usiku mmoja: simba, taji, masuke ya shayiri, utepe wa dhahabu, na jina refu la Kiingereza ambalo leo sitaki hata kulitaja. Nikazichapa kwa printa ya wino pale saiba ya mtaani, nikazibandika kwa maziwa.

Ndiyo, maziwa. Ni gundi halisi. Yana protini iitwayo kasini, nayo hushika karatasi kwenye kioo barabara. Unapaka upande wa nyuma kwa brashi, unabandika, unafuta yaliyozidi, unaacha ikauke. Bia ikiisha, lebo inatoka kwa maji matupu. Ndani ya friji haina shida. Lakini harusini hapakuwa na friji. Palikuwa na beseni la barafu.

Haikufika saa moja, lebo zote zikawa zinaelea. Wino wa printa za aina ile huyeyuka majini, basi barafu iligeuka zambarau. Chupa zikabaki za kahawia tu, hazina jina, zina mashapo chini. Hapo ndipo mjomba aliposema kwa sauti, "Mwanangu, hii ni nini hasa?" Nikaeleza. Watu wakanisikiliza kwa adabu, wakachukua soda. Nilirudi nyumbani na chupa 31, na ndani ya teksi sikusema neno.

Kwa muda mrefu nilimwona mjomba kuwa ameniaibisha. Siku hizi ninamwelewa. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kwingineko kwa pombe yenye methanoli, kileo chenye sumu. Februari 2024 msiba wa namna hiyo ukaingia Kirinyaga. Mtu aliyewahi kuhudhuria mazishi kama hayo ana haki ya kuiogopa chupa asiyoijua, hata kama imeletwa na mtoto wa dada yake.

Nilimkumbuka sana Kukhu, nyanya yangu, aliyekuwa akipika busaa kule Kakamega. Unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, kimea cha wimbi, chungu katikati, wazee wamekizunguka na mirija yao mirefu. Hakuwahi kuhitaji lebo. Kila aliyeketi pale aliijua mikono iliyopika na kisima yalikochotwa maji. Sisi wa Nairobi tunampa chupa mtu ambaye hajui hata mlango wetu. Maswali ambayo Kukhu hakuulizwa, lebo ndiyo inayoyajibu, na ukiifanya pambo tu utarudi na chupa zako kama mimi.

Ndiyo maana sasa naanza na maneno, picha baadaye. Naandika jina la bia, vilivyomo, tarehe ya kutia chupani, jina langu na mtaa ninaokaa. Naandika na kiwango cha kileo, nacho hakikisiwi: unapima kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na wa maji, kabla ya kuchacha na baada, unatoa kipimo cha pili kwenye cha kwanza, unazidisha kwa 131.25. Yangu ilianza 1.048 ikaishia 1.010, tofauti ni 0.038, jibu ni karibu asilimia 5. Halafu kuna mstari mmoja ninaoupenda kuliko yote: "Mimina polepole, acha mashapo chini ya chupa." Mashapo hayo ni hamira iliyotua baada ya kuitia bia gesi. Si uchafu. Lakini nani angejua, na mimi sikumwambia mtu?

Picha iwe moja. Moja, narudia. Bass, bia ya Burton kule Uingereza, ilijulikana kwa pembetatu nyekundu, na pembetatu hiyo ndiyo alama ya biashara ya kwanza kusajiliwa nchini humo, mwaka 1876. Hapa kwetu kuna tembo wa Tusker, jina lililotokana na tembo aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, mwaka 1923. Umbo moja lenye kisa chake linatosha. Yangu sasa ni chungu na mirija mitatu, na bia inaitwa Kukhu. Simba nilimwondoa. Hakuwa wa kwetu, nilimweka kwa sababu niliona wengine wamemweka.

Vipimo ni kazi ya uzi. Zungushia uzi kwenye chupa, kisha uupime kwa rula. Chupa zangu za nusu lita zina mzunguko wa karibu sentimita 22, na mtu akisimama mbele yake haoni hata nusu ya hizo. Kwa hiyo lebo yenye upana wa sentimita 9 inasomeka yote bila kuigeuza chupa.

Lebo za kiwandani kwenye chupa kuukuu zilinitesa sana, nikikwaruza kwa kisu mpaka vidole vikauma, hadi jirani yangu aliponiambia nitumie magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, yatokayo Ziwa Magadi kule Kajiado. Loweka chupa usiku kucha katika maji moto yenye magadi. Asubuhi nyingi utakuta karatasi imejivua yenyewe. Kisha suuza, suuza tena.

Uchapaji ulinigharimu somo jingine. Nilipeleka kazi kwa duka moja River Road, lebo 60, nikiwa na picha niliyoipiga kwenye skrini ya simu. Zilirudi herufi zina ukungu, hudhurungi imekuwa nyeusi, na kila ukingo una mstari mweupe. Niliumia, nikalipa. Skrini inawaka na karatasi haiwaki, kwa hiyo rangi ya giza kwenye simu itazidi kuwa giza ikichapwa. Peleka faili ya PDF yenye nukta 300 kwa inchi, ongeza milimita 3 za rangi kila upande ili kisu kikipotoka kidogo weupe usionekane, na uombe karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa zote. Moja tu. Usione haya kuiomba, na usiondoke kaunta kabla hujaiona.

Omba pia printa ya leza. Hiyo hutumia tona, unga wenye plastiki unaoyeyushwa juu ya karatasi kwa joto, nao hauchuruziki ukilowa. Karatasi ya leza na maziwa zinatosha kwa chupa za friji ya nyumbani. Kwa sherehe, lipia stika ya vinili, ile wanayobandika kwenye matatu. Kuibandua baadaye ni kazi, lakini beseni la barafu haliiwezi.

Nanyi vijana mnaoniandikia kila wiki kwamba mnataka lebo ili muanze kuuza, nawasihi msikimbilie. Kuuza kunadai leseni chini ya sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, kunadai maonyo ya afya kwenye lebo, kunadai stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Lebo nzuri haigeuki kuwa leseni. Na msiandike jambo ambalo hamkulipima. Ukiandika asilimia 5 hali hukupima, umemdanganya mtu aliyekuamini kwa tumbo lake. Mimi napika ya jamaa na wageni wangu, na hata hao siwadanganyi.

Jumamosi mjomba aliketi sebuleni, akavaa miwani, akaisoma lebo yote kwa sauti, neno kwa neno, hadi tarehe.

"Maji ni ya hapa hapa Umoja?"

"Ya hapa, Mjomba. Yalichemka saa nzima pamoja na hopsi."

Akafungua. Akaiinamisha glasi, akamimina polepole, na mashapo yalipokaribia shingo ya chupa akaacha, kisha akanitazama kuona kama amefanya sawasawa.