Methili imehamaje, Mwalimu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tulipewa 3,3-dimethili-2-butanoli ipashwe moto na asidi ya salfa iliyokolea. Nikaondoa maji, nikaandika 3,3-dimethili-1-buteni. Nimekosa alama zote. Eti zao kuu ni 2,3-dimethili-2-buteni! Methili (kundi la CH₃) imefikaje kule?
– Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Maji umeyaondoa vizuri, ila umefunga hesabu mapema. OH ikishapokea protoni (H⁺) kutoka kwa asidi, maji yanajing'oa na kaboni namba 2 inabaki na chaji chanya. Hapo ndipo pa kuweka kalamu chini na kumtazama jirani.

Kaboni ya 2 imeshikana na kaboni mbili tu. Jirani yake, ya 3, amebeba methili tatu. Methili moja ikivuka kwenda ya 2, chaji inahamia kwenye ya 3, ambayo sasa ina kaboni tatu za kuipunguzia njaa ya elektroni. Nafuu hiyo ndiyo inayoivuta methili. Kisha kaboni ya 2 inaachia protoni, na bondi maradufu inakaa kati ya 2 na 3, methili mbili kila upande.

Nakuomba sana uangalie mshale wako, ule unaoonyesha elektroni zinakokwenda. Uanzie kwenye bondi, kamwe usianzie kwenye chaji. Methili haihami mikono mitupu, inaondoka na jozi yake ya elektroni. Nikiwa chuoni nilichora methili zote kwa penseli moja nyeusi, zikawa zinanipotea. Nilipoanza kuipaka inayohama rangi nyekundu na kuipa kila kaboni namba, nikaacha kubahatisha. Namba hizo usizifute mpaka mwisho, hata jina la zao likizibadilisha.

Ila usikariri kwamba chaji hukimbilia kaboni ya daraja la tatu (iliyoshikana na kaboni tatu) basi. Chukua pinakoli, yenye OH mbili kwenye kaboni jirani. OH moja ikitoka kama maji, chaji tayari iko daraja la tatu, na bado methili inahama! Inahama kwa sababu oksijeni iliyobaki inaikopesha chaji jozi yake ya elektroni, na mwisho tunapata ketoni (yenye C=O katikati ya kaboni mbili), pinakoloni. Mkemia Mjerumani Fittig aliuona mmenyuko huu mwaka 1860 na hakutambua muundo wa zao lake, kwa hiyo usijione mzito.

Sasa fanya 3-methili-2-butanoli na HBr (haidrojeni bromidi). Safari hii inayohama ni haidrojeni. Nitumie mchoro, wenye rangi na namba.