Msitu uliokatwa vipande: maswali kutoka Usambara Mashariki

Msitu wetu umegawanywa na mashamba, lakini ukijumlisha hekta ni zilezile. Tumepoteza nini?

Mmepoteza kiini. Msitu wa mraba wa kilomita moja kila upande una hekta 100. Jua na upepo wa pembeni vikipenya mita 100, kiini chenye kivuli na unyevu kinabaki hekta 64. Ugawe vipande vinne vya mraba, hekta 25 kila kimoja, vikiwa vimetengana: kila kimoja kinabaki na kiini cha hekta 9, jumla 36. Kipande cha hekta moja ni ukingo mtupu. Ukingoni majani makavu huvunjika chini ya mguu na kichaka cha lantana kimefunga njia. Ndani, udongo ukiufinyanga unashikana.

Iliki yangu inachanua sana, matunda machache. Msitu unahusikaje?

Kama shina haliozi na kivuli kinatosha, watazame nyuki. Ua la iliki hudumu siku moja tu, na nyuki wasipofika halitungi vizuri. Nyuki wa mwitu hukaa kwenye mapango ya miti mikongwe na udongo usiolimwa. Uchambuzi wa mwaka 2008, uliounganisha tafiti 23 za mazao katika mabara matano, ulionyesha kuwa ziara za wachavushaji hupungua kwa nusu shamba likiwa takribani mita 600 kutoka kwenye uoto wa asili. Pima umbali huo kabla ya kununua mbolea, na usipulize dawa asubuhi maua yakiwa wazi.

Miti ya asili inazaa, mbona miche haionekani mbali na mti mama?

Wabebaji wameondoka. Utafiti uliofanywa hukohuko Usambara juu ya mti wa asili uitwao Leptonychia usambarensis ulikuta kwamba katika vipande vidogo ndege wanaokula tunda lake ni wachache, na mbegu nyingi hubaki chini ya mti mama. Hondohondo huvuka mashamba, lakini hupenda pia matunda ya musizi, mti mgeni uliopandwa Amani, hukohuko Usambara, baada ya ukataji wa magogo, na huusambaza kila penye mwanga. Kwa hiyo ng'oeni miche ya musizi ukingoni ingali midogo.

Tuanzie wapi ushoroba, yaani ukanda wa miti wa kuunganisha vipande?

Penye pengo jembamba kuliko yote kati ya vipande viwili. Kubalianeni kwanza na wenye mashamba, kwa maandishi. Msilime, acheni miche iliyojiotea, pandeni palipo wazi tu, miti ya asili ya aina nyingi, mita 3 kwa 3 (miche 1,111 kwa hekta), masika yakianza. Changanyeni mikuyu, maana matunda yake huita ndege, nao huleta mbegu nyingine. Halafu palilieni duara la mita moja kuzunguka kila mche kwa miaka miwili au mitatu. Hapa ndipo kazi huharibika: mche hupandwa, magugu yakaufunika.

Na maji?

Jiji la Tanga hunywa maji ya Mto Zigi, unaoanzia milima ya Usambara. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ushoroba ukiufuata mto, ukanda huohuo unachuja tope la mashambani na kuwapitisha ndege.